Tangazo la Alhamisi

Lilifika kwa simu, jioni, nikichambua mrenda:
WATEJA WETU WAPENDWA WA CHAVAKALI NA VIUNGA VYAKE,
Alhamisi, saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni,
umeme utakatizwa kupisha matengenezo.

Wapendwa!
Siku nikikosa pesa ya tokeni
hakuna aniitaye hivyo.

Nikahesabu kwa vidole, nikarudia kwa kalenda:
Alhamisi ni siku ya ishirini.
Mayai themanini na manane ndani ya mashine
niliyoundiwa na Adagala kwa kabati la marehemu shemeji,
digrii thelathini na saba na nusu, usiku na mchana,
na vifaranga karibu waanze kugonga.
Ukilaza sikio utasikia tk, tk,
kama mgeni mwenye adabu mlangoni.
Masaa manane bila stima.
Kuku angeatamia tu, hasomi matangazo.

Nikapiga ile nambari. Muziki. Muziki tena.
Kisha kijana, sauti yake imepigwa pasi:
"Mama, kazi hiyo iliombwa na mteja wa huko huko.
Nguzo imeinama mkabala na shule ya chekechea.
Naona jina hapa: Jerida Kavochi."

Nikanyamaza.
Jerida Kavochi ni mimi.
Ni mimi niliyepiga simu mara sita tangu mwaka juzi,
nikapewa nambari ya malalamiko, nikaiandika ukutani kwa makaa;
mchwa wakaila nguzo, mvua ikaila nambari.
Ni mimi niliyewauliza: siku Vihenda na wenzake
wakitoka kunywa uji na nguzo ichague kulala,
mtamtuma nani kwangu na samahani?
Niliomba mvua. Leo nalia na tope.

Alhamisi wakaja, saa nne kasoro robo,
lori, nguzo mpya inayonuka dawa, wanaume wanne.
Amwayi akapanda, kucha za chuma viatuni,
taratibu, kama anayepanda ngazi ya kwao.
Mimi ndani: jiko, sufuria,
chupa za maji moto nimezivika soksi za baba watoto,
mablanketi mawili, kipimajoto cha kuazima.
Thelathini na sita. Chemsha.
Thelathini na tisa! Toa chupa, toa, toa.
Thelathini na saba. Usipumue.

Saa saba Amwayi akabisha, anaomba maji ya kunywa.
Akaona mvuke, akaona mablanketi,
akadhani kuna mgonjwa, akavua kofia.
Nikamwambia, weka sikio hapa.
Akaweka, shavu lina weusi wa nguzo,
akakaa hivyo kupita muda niliomkaribisha.
Hakusema pole. Maji yenyewe aliyasahau.
Nilimsikia tu huko nje akiwafokea wenzake:
"Chakula baadaye! Tufunge hizi nyaya kwanza."

Stima ilirudi saa tisa na robo.
Taa ya mashine, nyekundu, halafu kijani.

Sitasema waliishi wote.
Kumi na mmoja walinyamaza ndani ya maganda,
na sijui kama ni jiko, ni soksi,
au walishachoka kabla ya tangazo.
Sabini na saba wako kwenye katoni chini ya meza,
wanadai, wanadai, kama wateja.

Mwisho wa ule ujumbe, chini kabisa,
kuna mstari ambao huwa hatufiki:
*Tafadhali hesabuni kila waya kuwa hai, wakati wote.*
Nimeunakili kwa makaa ukutani,
pale pale ilipokuwa nambari,
nikafuta *waya*, nikaacha nafasi.

Nguzo ya zamani wameiacha kando ya barabara,
imelala kama mlevi, watoto wanairuka.
Jumatatu nitapiga simu.